Uji wa Nyuma ya Makuti

Ule ua wa makuti niliamuru mimi ujengwe. Naanza na hilo mapema, asije mtu akamsingizia mwalimu mkuu wetu, ambaye alikuwa Mlutheri wa Upare, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme, na ambaye kosa lake katika jambo hili lilikuwa kunitazama na kuniambia, "Mwalimu, wewe ndiye unawajua watu wako, utaona litakavyokaa." Basi nikaona. Nikaagiza makuti, nikasimama pale mikono kiunoni mpaka fundi alipofunga kamba ya mwisho, na jioni ile nilijisifu kwamba nimetenda haki kwa dini zote mbili.

Ilikuwa shule ya msingi pande za Mwera, wilaya ya Pangani, katika miaka ile ya shida ambayo wa rika langu hawahitaji kusimuliwa. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Chaki moja tuliivunja vipande vitatu tukagawana kama vidonge. Mie ni mzaliwa wa Ngamiani, mtoto wa mjini, na nilipelekwa huko kwa barua ya uhamisho ambayo sikuiomba. Nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nikanuna mwaka mzima, kisha nikazoea.

Watoto wetu walikuwa wa aina mbili. Wa kijijini walikuwa Waislamu kama mimi, wazazi wao wakulima na wavuvi. Wa kambini walikuwa watoto wa wakata mkonge, watu waliotoka Kigoma, Njombe na kwingineko bara, wengi wao Wakristo. Shamba la mkonge lenyewe lilikuwa linakufa polepole. Korona, kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, ilinguruma wiki hii na wiki ijayo imelala, na wafanyakazi walikaa miezi bila kulipwa. Wa kijijini alau walikuwa na muhogo wao na nazi zao. Wa kambini hawakuwa na ardhi ya kupanda hata mchicha, na uji wa shule kwa wengi wao ndio uliokuwa chakula cha mchana.

Uji wenyewe usiuulize. Unga wa njano wa msaada, unanuka gunia, sukari haipo, chumvi kidogo. Msimamizi wake nilikuwa mimi. Mama mmoja wa kijijini aliupika kwenye pipa lililokatwa nusu, mbele ya madarasa, na saa nne kengele ikigongwa watoto walijipanga na vikombe na makopo yao wakisukumana. Kwenye foleni ile hukuweza kujua huyu ni wa dini gani na yule ni wa dini gani.

Dini ilijulikana Ijumaa. Kipindi cha dini kikifika, maalimu wa kijijini alikuja kuwasomesha watoto wa Kiislamu. Wakristo hawakuwa na mtu. Padri alikuwa mbali na baiskeli yake haikuwa na matairi. Basi tuliwapa majembe wakapalilie shamba la shule. Kila Ijumaa, mwaka mzima. Nikisimama dirishani nawasikia wangu wakisoma sura zao, nawaona wale wengine wameinama juani, na wallahi halikunipitia kichwani kwamba hapo pana jambo. Kupalilia ni elimu ya kujitegemea, nilisema, na serikali inaipenda.

Halafu nami nilikuwa na kinyongo changu. Nilisoma shule ya misheni, siku ambazo mtoto wa Kiislamu akitaka kusoma zaidi hana pengine pa kwenda. Kila asubuhi sista mmoja alinivua mtandio pale mlangoni, akaukunja vizuri, akautia kwenye saraka ya meza yake hadi saa ya kutoka. Hakunipiga wala hakunitukana, aliukunja tu. Wakisali niliinamisha kichwa na wenzangu, nikasoma Kulhuwallahu kimoyomoyo. Nilipopata cheti cha ualimu niliapa kwamba hakuna mtoto wa Kiislamu atakayefanywa mgeni mbele ya macho yangu. Ilikuwa nia nzuri. Habari ya watoto wengine sikuiwaza.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba. Humo mlikuwa na binti wa kambini, mrefu, mwembamba, sketi yake ina viraka vya buluu mbili zisizofanana. Mama yake alikuwa ameshafariki. Aliishi na baba yake na wadogo zake wawili. Baba alikata mkonge siku za kazi, na Jumapili ndiye aliyewasalisha Wakristo wenzake katika banda lao, katekista wa kambi. Binti huyu alikuwa na akili ya kuudhi. Ukikosea ubaoni ananyamaza, halafu baada ya kipindi anakuja, mikono nyuma: "Samahani mwalimu, ile hesabu ya tatu..." Nilimpenda, nisiwe mwongo. Tangu nifike shule ile haikuwa imetoa msichana hata mmoja wa kwenda sekondari, na mimi na mwalimu mkuu tulikuwa tumekubaliana kwamba wa kwanza atakuwa yeye. Mtihani wa mwezi wa tisa ndio utakaomtoa kambini. Akiukosa, hakuna mlango mwingine, ni mkonge au ni kuolewa. Nilimwambia hivyo waziwazi. Akaniuliza, "Nikienda, wadogo zangu watakaa na nani?" Nikamwambia apasi kwanza.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia masika. Siku chache kabla mwezi haujaandama, wazee watatu wa kamati ya shule wakaja ofisini. Hawakuja kwa ubaya. Walisema pipa likichemka mbele ya madarasa harufu inawaingia watoto waliofunga, nao bado wadogo, saumu zao ndiyo kwanza zinakomaa. Mmoja alitaka uji usimamishwe mwezi mzima. Mwalimu mkuu akakohoa. "Serikali haina dini," akasema, "ila watu wake wanazo." Ndipo aliponitazama mimi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakutaka iende habari wilayani kwamba Mkristo wa Upare anawabughudhi Waislamu katika mwezi mtukufu.

Nikasema uji hautasimama. Tutauhamisha. Pipa liende nyuma ya stoo, tulizungushie ua wa makuti, wasiofunga waingie mle wale, waoshe vikombe vyao, watoke. Na nitaandika orodha ya wasiofunga, ili mtoto wetu asijipenyeze. Kila mtu akaridhika. Mzee mmoja akaniombea dua nzuri, na mwalimu mkuu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilikwenda nyumbani kichwa kimenivimba.

Sasa, kwetu pwani kuna neno. Mwislamu mwenye afya zake akila mchana wa Ramadhani kwa kujificha tunamwita kobe. Mkristo neno hilo halimhusu. Mkristo akila mchana anakula tu, nani atamwita kobe? Kobe ni wa kujificha. Na mimi, mwalimu mzima na cheti changu ukutani, niliwachukua watoto ambao dini yao haikuwaamrisha kujificha, nikawaficha. Siku ya kwanza tu, walipotoka nyuma ya makuti wakipangusa midomo, watoto wa kijijini walikuwa wamejipanga wanawangoja. "Kobe hao," wakaimba. "Kobe, kobe, toa kichwa." Niliwachapa watatu. Kesho yake wakaimba kwa kunong'ona.

Haikupita wiki, waliokuwa wakiingia mle wakabaki wadogo wa darasa la kwanza na la pili, ambao hawajajua haya. Wakubwa wa kambini saa nne walikaa chini ya ukuta wa darasa la tano, wanachorachora chini kwa vijiti. Mama mpishi akanifuata. "Mwalimu, uji unabaki." Nikamwambia apunguze unga.

Binti wangu wa darasa la saba hakuingia nyuma ya makuti hata siku moja. Nikamwita pembeni.

"Mbona hunywi uji?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Na mie nafunga, mwalimu."

"Unafunga? Nani kakwambia ufunge?"

"Hakuna. Nafunga kama wenzangu."

Watoto wa pwani wana kipimo chao cha saumu. Humwambia mtu atoe ulimi. Ukiwa mweupe, mkavu, kafunga, na ukiwa mwekundu, kobe huyo. Nikamwambia, nusu kwa utani, "Hebu toa ulimi." Akautoa. Ulikuwa mweupe kama chokaa.

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikujiuliza ni njaa ya siku ngapi inayoufanya ulimi wa mtoto uwe hivyo. Nilisema moyoni, hii ni hidaya, Mungu humwongoa amtakaye. Nikamsimamisha mbele ya darasa. "Mtazameni mwenzenu," nikawaambia wale wetu, ambao nusu yao nilijua wanakunywa maji ya mtungi nikigeuka, "si wa dini yenu, na kawashinda kwa saumu." Darasa likapiga makofi. Tangu siku ile hakuna aliyemwita kobe. Alirudi kwenye dawati lake ameinamisha uso, nami nikadhani ni haya ya kusifiwa.

Nikaanza kumwalika kufuturu kwangu. Bibi mwenye nyumba alikuwa fundi wa kupika kwa vichache: muhogo wa nazi, siku nyingine ndizi, na uji mwembamba wa pilipili manga, sukari ikipatikana vijiko viwili. Kila jioni, kabla hajamkaribisha mkekani, bibi alimtania, "Toa ulimi tuone, mwanangu, asiyefunga futari yetu haimhusu." Mtoto anatoa ulimi. Bibi anacheka, nami nacheka. Kisha anakula taratibu, kwa adabu zote, na akimaliza anaomba kufunga vipande viwili vya muhogo kwenye jani la mgomba, awapelekee wadogo zake. Bibi anamwongezea cha tatu. "Huyu atakuja kuwa mtu," bibi aliniambia, na mimi nilijua anamaanisha atakuja kuwa mwenzetu.

Siku moja nikamfundisha nia ya saumu. Hapo nilivuka mpaka, na najua nilivuka kwa sababu nilishusha sauti. Mwalimu wa serikali, ndani ya darasa la serikali, baada ya kipindi, namsomesha mtoto wa katekista: nawaitu sauma ghadin, mpaka mwisho. Maneno hayo aliyashika mara moja kama alivyoshika hesabu. Nikampa na mtandio wangu mmoja mweupe wa zamani. Akaukunja, akauweka katikati ya madaftari.

Kumbe yale maneno alikuwa akiwafundisha wadogo zake. Aliwaambia wakiyasema kabla ya kulala, kesho yake njaa haiumi sana. Baba yake aliyasikia kwa mtoto wa miaka sita.

Alikuja ofisini asubuhi na nguo zake za kazi, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Akaweka mtandio wangu juu ya meza ya mwalimu mkuu, umekunjwa. "Shikamoo, mwalimu," akaniamkia, ijapokuwa umri wetu ulikuwa mmoja. Nikaitikia. Nilikuwa nimeshajiandaa kugombana, na mtu akikuamkia kwa heshima unakosa pa kuanzia.

"Mwalimu," akasema, "pale kambini nawasalisha watu mimi. Jumapili nimesimama nasoma, nusu ya banda wananitazama usoni. Wanasema binti wa katekista kasilimu kwa muhogo."

"Hajasilimu," nikasema. "Kafunga kwa hiari yake."

"Hiari ya mtoto wa miaka kumi na minne?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Ananyamaza." Akauvuta mtandio ukae sawa na ukingo wa meza. "Sina ugomvi na dini yenu. Nimeishi na Waislamu tangu niletwe huku, tumezikana. Nataka jambo moja. Jumapili uje pale bandani, usimame, useme mbele ya watu kwamba mwanangu hukumsilimisha, na kwamba yale maneno haikuwa kazi yako kumfundisha. Ukishasema, Jumatatu anarudi shule. Usiposema simrudishi. Nikimrudisha kimyakimya nitakuwa nimekubali."

Mwalimu mkuu akakohoa. "Ni dakika tano tu, mwalimu."

Nilicheka. Hata leo nikikumbuka kicheko kile nasikia joto shingoni. "Mimi nikasimame kanisani nijikane? Mwanao nimemlisha siku zote hizi kama wangu. Hapo wa kuombwa radhi ni nani?"

Nilidhani yule baba atatukana, na nilitamani atukane. "Ahsante kwa chakula, mwalimu," akasema. Akavaa kofia yake akatoka.

Mtoto hakuja Jumatatu, wala Jumanne. Bibi mwenye nyumba aliposikia akanishika mkono. "Usende, mwanangu. Ukienda leo watasema umejikana, kesho watasema umebatizwa. Baba mtu atachoka, atamrudisha mwenyewe." Wazee wa kamati nao walipata habari, na mmoja akanisimamisha njiani kunipa pole, kana kwamba nimefiwa. Walikuwa wananisifu, na mtu akisifiwa hupumbaa. Lakini nisiwatwike wao. Sababu yangu ilikuwa yangu. Kila nilipoliwaza lile banda nilimwona sista wa utotoni akiukunja mtandio wangu, na nikajiambia, hawatanivua mara ya pili. Kwamba safari hii mtandio ule niliutoa mimi, nikautia mkononi mwa mtoto wa mtu, hilo nililiona baadaye sana.

Nilimtumia madaftari. Yakarudi na mwenzake wa kambini, hayajafunguliwa. Nikampelekea maswali ya mitihani ya nyuma, nayo yakarudi. Mwalimu mkuu kila Jumatatu aliniuliza, "Ulikwenda?" Namjibu nilikuwa na mgeni, au mvua ilikatika jioni, au wiki ijayo inshallah. Hakuwahi kunilazimisha. Siku nyingine natamani angenifokea, lakini alikuwa anahesabu miezi yake, na mtu anayehesabu miezi yake hafoki. Idd ikaja ikapita. Masika yakaisha. Mwezi wa saba ukaisha na mimi bado nasema wiki ijayo.

Nisidanganye kwamba nililala usingizi mbaya wakati wote ule. Nililala vizuri tu. Nilikuwa na hakika kwamba baba yule hatamkosesha mwanawe mtihani. Nilimpima kwa akili yangu, nikaona anatishia. Watu wa kambini kwetu tuliwaona kama watu ambao mwisho watakubali, kwa kuwa mambo mengi walikuwa wameshakubali.

Mwezi wa nane korona ikazimwa na haikuwashwa tena. Ajabu yake, huo ndio wakati ambao madukani Pangani vitu vilianza kurudi. Sabuni za rangi, khanga mpya, vibiriti vinavyowaka. Watu walisema ruksa imekuja, mambo yamefunguka. Kambini yalikuwa yamefungwa. Ukipita barabarani unakutana na familia zimebeba mafurushi, sufuria juu, mkeka chini ya kwapa, wanakwenda kutafuta shamba lingine linalochukua watu. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Nikauliza darasani, watoto wa kambini waliobaki wakatazamana. Nikasema sasa nakwenda, liwalo na liwe.

Jumapili nikajitanda vizuri, nikaenda kwa miguu. Banda lao lilikuwa la miti ya mkonge na mabati chakavu, halina ukuta hata mmoja. Ukipita njiani unawaona wote wanavyosali, hawakuwa wanajificha kwa yeyote. Walikuwa wachache, wengi wanawake, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyewasomea. Nikangoja nje mpaka wakamaliza wimbo. Nikaomba ruhusa kusema. Wakanisogezea kigogo nikae, nikakataa, nikabaki nimesimama. Nikasema yote niliyotakiwa kusema tangu mwezi wa tano: kwamba sikumsilimisha, kwamba yale maneno haikuwa kazi yangu, kwamba nimemkosea baba yake mbele yao na ninamwomba radhi. Hazikufika dakika tano. Hakuna aliyenizomea. Mzee mmoja akasema, "Tumekusikia, mwalimu." Nikawa natafuta kwa macho kofia ya yule baba.

Yule mwanamke aliyewasomea akamgeuza mtoto wake kifuani, akampangusa kamasi. "Wameshaondoka, mwalimu," akaniambia. "Wiki ya pili sasa. Baba yao alisikia upande wa Kilosa wanachukua watu. Labda Kilosa, labda wamepita."

"Na mtihani?"

"Alilia sana kwa mtihani."

Nikasema, sijui kwa nini, labda nilitaka kubaki na kitu kimoja kizuri mkononi, nikasema kwamba alikuwa mtoto wa imani, kwamba alifunga Ramadhani ile kuliko watoto wetu.

"Usiseme alifunga," yule mwanamke akanikata, bila hasira, kama unavyomsahihisha mtu jina la njia. "Mimi jirani yake. Hakufunga. Hakuwa na chakula. Kule nyuma ya makuti aliona haya kuitwa kobe, na kwako ilikuwa mpaka atoe ulimi ndipo ale. Basi akawa hagusi kitu. Nikipata kiazi namwambia chukua mwanangu, ananiambia hapana mama, ulimi utakuwa mwekundu."

Akanitazama, akaniuliza kama nataka maji, nikasema hapana, halafu nikasema ndiyo. Wakaniletea kwenye kikombe cha bati. Niliyanywa mbele yao nikarudi Mwera. Njia nzima nilijichukia, na si kwa maneno ya kitabuni. Nilijichukia kama unavyomchukia mtu mwingine, unataka kumpiga. Nilikuwa namwona mtoto amesimama mbele ya mkeka wetu, ametoa ulimi, sisi wawili tunacheka, naye anangoja tumalize kucheka ili ale. Bibi aliponiuliza jioni nimekwenda wapi, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa mwalimu kutoka shule nyingine. Madawati yalibandikwa namba. Aliiita namba ya yule binti mara tatu, kama kanuni ilivyotaka, na mara ya tatu watoto wakageuka kutazama mlango. Hakuna aliyeingia. Akaweka karatasi yake kifudifudi juu ya dawati, ikakaa hapo hadi saa ya mwisho.

Mchana mwalimu mkuu aliniita ofisini. Kulikuwa na fomu ya wasiofika, na sababu hujazwa na mwalimu wa darasa. Zilikuwa zimepigwa chapa: kifo, ugonjwa, mimba, utoro. Unazungushia moja. Chini pana mistari mitatu ya maelezo. Mwalimu mkuu alinieleza, akitazama dirishani, kwamba mtoto mwenye maelezo yanayoeleweka anaweza kuombewa nafasi ya kufanya mtihani mwakani, popote alipo, shule itakayompokea ikiuliza. Mtoro haombewi. "Kuna nafasi ya maelezo, mwalimu," akasema. Kisha akachukua kofia yake, akatoka, akanifungia mlango.

Nilijua ya kuandika. Nilikuwa nimeshayasema mbele ya watu, nimesimama, hayakuzidi sentensi tatu. Lakini wale walikuwa watu wa kambini, na wangehama wote. Hii ilikuwa karatasi inakwenda wilayani, ina jina langu, na huko ingesomwa na watu ambao wangeuliza mwalimu wa serikali alikuwa anafundisha nini baada ya kipindi. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukanikaukia. Nikaipulizia.

Nikazungushia utoro. Ile mistari mitatu nikaipiga mstari mmoja wa rula, kutoka pembe hadi pembe, asije mtu mwingine akaandika kitu hapo.